Kaka yangu ndiye anayeendesha akaunti zinazomtukana mwenzetu, nifanyeje?

BARUA

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mkazi wa Likoni, Mombasa, na nafanya kazi katika duka la dawa. Naandika bila jina kwa sababu utakazoziona, na nakuomba ubadilishe chochote kinachoweza kumtambulisha mtu mwingine.

Nilijiunga na harakati mwezi Juni 2024, wakati vijana nchini kote walipokuwa wakiuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Kazi yangu ilikuwa Kiswahili. Wenzangu walileta vifungu vya kodi ya mkate, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ushuru wa mazingira ambao ungepandisha bei ya sodo na nepi, nami niliviandika upya kwa lugha ambayo mama yangu na majirani zake wangeielewa. Maandishi hayo yalisambaa kuliko nilivyotarajia. Rais alipokataa kuutia saini mswada ule tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni na baadhi yao kupigwa risasi, niliamini kwamba maneno yaliyoandikwa vizuri yana nguvu, na kwamba hata mtu asiyeweza kukimbia moshi wa vitoa machozi anaweza kuwa na mchango wake.

Aliyeniingiza humo ni kaka yangu, mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja na sijawahi kumwita kwa jina lake. Alikamatwa katika maandamano ya mwaka ule akazuiliwa kituoni, na aliporudi mkono wake wa kulia haukuwa kama zamani. Sijamsikia akilalamika hata mara moja. Yeye ndiye anayeongoza kikosi chetu cha mtandaoni na kundi lake la WhatsApp, na vijana wengi wanamheshimu kwa sababu aliteseka akarudi kazini bila kudai sifa.

Jambo lililotuchosha ni kufunikwa. Kila tulipoanzisha hashtegi, haukupita muda kabla ya kuzuka nyingine ya kutuzima, yenye ujumbe mmoja uliobandikwa na akaunti chungu nzima, neno kwa neno, hata makosa ya tahajia yakiwa yaleyale. Kila mtu hapa nchini amewasikia wanablogu wa kulipwa wanaoitwa "527". Kaka aliamua kuwajibu kwa silaha yao. Alikusanya simu za zamani, akapata laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya majirani, mmoja muuza samaki na mwingine kijana wa bodaboda, akafungua akaunti nyingi zenye majina na picha za watu wasiokuwepo.

Mimi sikulijua hilo. Aliniomba nimwandikie jumbe fupi fupi za kuwasaidia "vijana wetu wasiojua kuandika", nami nikadhani kila ujumbe unakwenda kwa mtu mmoja aliyekosa maneno. Niligundua siku aliponiachia kompyuta yake nichape barua. Nilikuta jedwali lenye jina la kila akaunti, umri wake wa kubuni, kaunti anayodaiwa kutoka na namna yake ya kuzungumza, na mbele ya kila jina sentensi zangu zimepangwa kwa saa za kutumwa. Maneno yangu yalikuwa yakitoka vinywani mwa watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Pengine ningelimeza hilo. Lakini yuko mwenzetu, nitamwita Zena, fundi wa nguo na mama wa mtoto mmoja, ambaye katika mkutano wetu alisema kwamba tukialikwa na maafisa wa Serikali Jumuishi, ile ya rais pamoja na baadhi ya waliokuwa wapinzani wake, kutoa maoni yetu, twende tukayatoe. Baadaye alipigwa picha akiwa na afisa mmoja katika hafla ya umma. Usiku uleule ilianza hashtegi yenye jina lake, ikifuatiwa na picha ya ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha kwamba alipokea fedha, ujumbe ambao najua umetengenezwa kwa sababu niliuona kabla ya marekebisho ya mwisho. Kisha nambari yake ya simu ikasambazwa kwa wito wa "kumsalimia", yaani kumfurikia kwa simu na jumbe, kama wabunge walivyosalimiwa mwaka 2024. Ametukanwa kwa umbo lake, ametishiwa kwa kutajwa shule ya mtoto wake, na wateja wake wamepigiwa simu. Alinipigia akilia akaniuliza, "Ni akina nani hawa?" Sikumjibu.

Nilipomkabili kaka alinijibu kwa utulivu, na ndilo linalonisumbua, kwa sababu kila alichosema kina mantiki. Alisema serikali ilianza. Kwamba wao wanalipwa na sisi hatulipwi, kwa hiyo hatufanani. Kwamba Zena amenunuliwa, na hata kama picha ile si ya kweli, jambo lenyewe ni la kweli. Kisha akaniuliza kama nataka atumie jina lake halisi ili atekwe. Mama yangu, niliyemdokezea kidogo tu, aliniambia nisithubutu kumrudisha ndugu yangu mikononi mwa polisi.

Nikisema hadharani, nitawapa wapinzani wetu kile wanachokitaka, hasa sasa tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027: watasema hakujawahi kuwa na vijana wenye hasira, kulikuwa na simu chache za zamani na mtu mmoja wa kuziendesha. Nikienda polisi, nitaitumia sheria ileile ya makosa ya mtandao ambayo sisi wenyewe tumekuwa tukiipinga kwa kuwa inawafunga wenzetu. Nikinyamaza, Zena anaendelea kuumia, nami napokea simu zake. Je, nikimwambia Zena ninachokijua, nitakuwa nimemsaliti ndugu yangu?

Mwandishi wa maneno ya wengine,
Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuandika kwa utulivu jambo ambalo wengi wangeliandika kwa hasira. Nimebadilisha mambo mawili matatu kama ulivyoomba.

Nikikusoma vyema, hushindani na nafsi yako kuhusu kama Zena anatendewa vibaya. Hilo umeshaliona, ndiyo maana umeandika. Kinachokufunga ni kwamba kila njia ya kumwondolea Zena adha inapita kwa kaka yako, na kila inayopita kwa kaka yako inaonekana kuishia ama kituo cha polisi ama mikononi mwa watu ambao tangu 2024 wanatafuta ushahidi kwamba harakati zenu ni za bandia. Nimeona pia jambo moja, nalisema kwa upole: kaka ana aya nyingi katika barua yako, harakati zina aya nyingi, Zena ana aya moja. Silitaji kama lawama, kwa sababu mtu akimwogopea ndugu yake moyo hujaa upande huo. Nakuomba tu kwamba tunapoendelea tumrudishe Zena katikati, maana kati ya watu wote mliomo humu ni yeye peke yake asiyejua linalomtokea.

Nianze na hoja ya malipo. Ni kweli kwamba soko hilo lipo. Mwaka 2021 watafiti Odanga Madung na Brian Obilo, wakifanya kazi na Wakfu wa Mozilla, walieleza jinsi Wakenya walivyokuwa wakilipwa dola 10 hadi 15 kwa kampeni ili kuwashambulia majaji na wanaharakati waliopinga BBI, mpango wa kubadilisha Katiba, maagizo yakitolewa katika makundi ya WhatsApp pamoja na maneno ya kubandika na saa ya kuyabandika. Twitter ilifunga akaunti zaidi ya 100 baada ya utafiti huo. Amnesty International nayo, katika ripoti ya Novemba 2025 kuhusu vijana wa maandamano, ilimnukuu mtu aliyesema hulipwa kati ya shilingi 25,000 na 50,000 kwa siku kwa kazi ya kuzizima hashtegi za waandamanaji, na wanawake waliohojiwa walieleza matusi ya kijinsia, vitisho, na hata picha za uchi zilizotengenezwa kwa akili unde. Kwa hiyo kaka yako hazuki. Lakini malipo yanatueleza kwa nini mtu alifanya, hayatuelezi alichofanya. Zena anapofungua simu usiku akakuta mtu asiyemjua anataja shule ya mwanawe, hana namna ya kutofautisha kitisho cha kulipwa na kitisho cha kujitolea. Na ukilitazama jedwali ulilolikuta, lenye jina la kubuni, saa ya kutuma na sentensi iliyoandaliwa, utaona kwamba lingeweza kuokotwa katika ofisi ya upande wowote.

Hoja ya kuficha jina ni nzito zaidi, na sitaki uipuuze. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Baada ya hapo siwezi kumwambia kijana yeyote kwamba mtu mwema hana haja ya kujificha. Mtu aliyezuiliwa akarudi na mkono mbovu ana haki kamili ya kutolitumia jina lake.

Ila katika maneno ya kaka yako mambo mawili yamefungwa pamoja kana kwamba ni moja. Mtu akihudhuria baraza la mtaa amejifunika uso, akasema linalomuuma, waliohudhuria wanajua kwamba wamemsikia mtu mmoja asiyetaka kujulikana. Akileta barazani vinyago hamsini na kuvisemea vyote, waliohudhuria watarudi makwao wakiamini kwamba mtaa mzima umeshasema. Wa kwanza amejilinda. Wa pili amewadanganya majirani zake mwenyewe kuhusu wao wenyewe, kwa sababu Zena, na wewe, na kijana wa Changamwe anayesoma usiku, mnapima mnavyopaswa kufikiri kwa kutazama wenzenu wangapi wanafikiri hivyo. Tofauti hii haitegemei kama maneno yanafanana. Rose Njeri, aliyetengeneza tovuti ya kuwawezesha raia kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025, alikamatwa na kushtakiwa, na Juni mwaka huo mahakama ikayatupa mashtaka hayo kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote. Tovuti yake ilimwandalia kila mtumaji maneno yaleyale, lakini nyuma ya kila barua kulikuwa na raia aliyeamua kuituma. Nadhani hicho ndicho ulichodhani unakifanya ulipokuwa ukiwaandikia vijana wasio na maneno, na ninaelewa kwa nini jedwali lile lilikuchoma kuliko hata matusi.

Kuhusu "kumsalimia" Zena, wapo waliosema mwaka 2024 kwamba hata kwa wabunge tulivuka mpaka, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini mbunge alikuwa na kura mfukoni ambayo wananchi walitaka kuishawishi. Sijui wanaompigia Zena wanataka afanye nini, na ningependa kaka yako aulizwe swali hilo na alijibu. Kama jibu ni "aondoke", basi angeweza kuambiwa hivyo mkutanoni. Kama ni "aumie", basi hapo ndipo pa kuzungumzia.

Kuna watu wawili waliopita katika barua yako kwa haraka sana, nao ni muuza samaki na kijana wa bodaboda. Laini zilizobeba akaunti hizo ziko kwa majina yao, katika nchi ambayo kila laini husajiliwa kwa kitambulisho. Siku Zena au mtu mwingine yeyote atakapopeleka malalamiko, au siku mpelelezi atakapotaka kujua nani alitaja shule ya mtoto, mlango wa kwanza kubishwa hautakuwa wa kaka yako. Utakuwa wa mama anayeuza samaki, ambaye huenda alitoa kitambulisho kwa sababu kijana wa jirani alimwomba kwa adabu. Kaka yako ameyajua machungu ya kuzuiliwa kituoni. Nadhani hajafikiri kwamba amemweka mwingine katika foleni hiyo, na pengine hoja hii itamfikia kwa njia ambayo hoja za ukweli na uongo hazikumfikia.

Nakuuliza pia kuhusu ile picha unayojichorea, kwamba una mambo mawili tu: kunyamaza, au kutangaza hadharani. Siri iliyomo katika kundi la WhatsApp lenye vijana wengi, kila mmoja akiwa na uwezo wa kupiga picha skrini yake, sidhani kama ni siri ya kuhifadhika hadi Agosti 2027. Wanaokupinga wanaweza kuipata bila wewe. Kwa hiyo huenda unajiuliza kama ukweli utoke, ilhali lililo mikononi mwenu ni nani atautoa kwanza, na akina nani watakuwa wameshaacha, wameshasahihisha na wameshaomba radhi siku hiyo ikifika.

Sasa tuzitazame njia, pamoja na miiba yake.

Ya kwanza ni kurudi kwa kaka yako, lakini kwa namna nyingine. Ulipomkabili mara ya kwanza mlijadili nani alianza, na katika mjadala huo atakushinda daima, kwa sababu ni kweli kwamba hakuanza. Pengine ungemwendea na mambo machache yanayotendeka: hashtegi ya Zena isimamishwe, nambari yake iondolewe kila ilipowekwa, na watu waliopelekewa picha ya M-Pesa waambiwe, katika makundi yaleyale, kwamba si ya kweli. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka akiri chochote mbele ya serikali, wala linalomtaka abadilishe anavyomwona Zena. Hatari yake ni kwamba anaweza kukuona umeshahama upande, akakuondoa kundini, na kesho ukaamka na hashtegi yenye jina lako. Sidhani kwamba ndugu uliyelelewa naye nyumba moja angelifanya hilo, lakini wewe unamjua, nami simjui. Jambo la busara ni kuzungumza naye ana kwa ana, bila simu, na si siku ambayo kampeni ina joto.

Hapa linaingia suala la ushahidi, ambalo ni gumu kuliko washauri wengi wanavyolisema. Utaambiwa uhifadhi kila kitu. Ni kweli kwamba malalamiko yoyote, kwa kampuni ya mtandao au kwa mwanasheria, huhitaji picha za skrini zenye tarehe, jina la akaunti na anwani ya chapisho, maana majina ya akaunti hubadilishwa na machapisho hufutwa. Lakini simu iliyojaa mazungumzo ya wanaharakati ni hatari kwa wote waliomo, ikiwa itaangukia mikono isiyofaa. Ukiamua kuhifadhi, hifadhi yanayomhusu Zena peke yake, na usiyaweke katika simu unayotembea nayo. Na ukifikia kutoka katika kundi, fahamu kwamba WhatsApp huwaarifu wasimamizi tu kwamba umetoka, ingawa wengine wanaweza kuwaona waliotoka kwa muda wa siku 60.

Ya pili ni Zena. Unaniuliza kama kumwambia ni usaliti, nami naona kuna hatua kabla ya hapo. Ziko huduma ambazo Zena anazihitaji leo na hazidai umtaje mtu: mtu wa kukaa na simu yake na kusoma jumbe kwa niaba yake, ili asilazimike kumeza kila tusi, mtu wa kumsaidia kuziripoti akaunti na ile picha, mtu wa kumwambia asiwajibu, kwa sababu kila jibu huipandisha hashtegi juu zaidi, na mtu wa kwenda naye shuleni kumweleza mwalimu mkuu ili mtoto asikabidhiwe mgeni. Kubadili nambari kunaonekana rahisi, lakini fundi wa nguo hupoteza wateja pamoja na nambari, kwa hiyo uamuzi huo ni wake. FIDA Kenya wana ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake kisheria, nambari ya 1195 hupokea simu za waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na Defenders Coalition huwashughulikia watetezi wa haki wanaotishiwa, hata kama anayewatisha si serikali.

Lakini sitakuficha kwamba huduma hiyo ina mwiba wake. Ukikaa kando yake ukisoma matusi ambayo unajua yalikotoka, kila siku itaongeza bei ya ukimya wako, na siku atakapojua, kwa kinywa chako au cha mwingine, atauliza ulikuwa unamsaidia au ulikuwa unamlinda mwingine. Kwa upande wa pili, ukimpa jina leo, umempa pia uamuzi wa kulifanyia atakalo, na hutakuwa na haki ya kumpangia. Wapo wanaochagua kati: kumwambia, "Picha ile ni ya kubuni, nimeona dalili zake, na niko tayari kusema hivyo mbele ya wenzetu, aliyeitengeneza sitakutajia kwa sasa, nitakwambia kwa nini." Ni njia nyembamba, na inategemea kama Zena ataweza kuishi na hiyo "kwa sasa". Walau haina uongo ndani yake.

Ya tatu ni sheria. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Oktoba 2025 kifungu hicho kilifanyiwa marekebisho, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu yake kwa muda baada ya watetezi wa haki kupinga. Naelewa aibu unayoiona katika kuitumia sheria mnayoipinga, na hofu ya mama yako baada ya yaliyompata Ojwang si hofu ya mtu mzee tu. Lakini nakuomba uiangalie pia kwa macho ya Zena: mnachokipinga katika sheria hiyo ni maneno mapana yanayoweza kumfunga mkosoaji, na yeye hakukosolewa, alitishiwa. Iko pia njia isiyoanzia kituo cha polisi, yaani malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu kusambazwa kwa nambari yake, chini ya sheria ya mwaka 2019. Mwanasheria ndiye wa kupima kama inafaa. Ninachokisisitiza ni kwamba anayepaswa kuchagua au kukataa njia ya sheria ni yeye. Mimi na wewe tunaweza kumweleza hatari zake.

Ya nne, kusema hadharani, sitaidharau, ingawa naona umeiogopa ipasavyo. Ikifanywa na mtu mmoja kwa ghadhabu, itachukuliwa na wale mnaowapinga kabla ya jioni. Ikifanywa na kikundi, kwa kusema tu kwamba mwenzetu alishambuliwa kwa picha ya kubuni na kwamba sisi hatutashiriki tena, ina sura nyingine, hasa kama Zena ameridhia jinsi anavyotajwa. Jiulize kama wapo wawili watatu humo ndani wanaoona kama wewe na wanadhani wako peke yao. Katika kundi ambalo sauti nyingi ni za kubuni, ni vigumu sana kujua wangapi wa kweli wanakubaliana nawe.

Sijakujibu kama utakuwa umemsaliti ndugu yako. Siwezi kukujibia, kwa kuwa inategemea atakayofanya yeye ukishazungumza naye, na kama Zena ataomba jina. Lipo moja tu ambalo liko mikononi mwako kikamilifu na halihitaji ruhusa ya mtu: sentensi zako. Unaweza kuacha kuzipeleka kule leo. Ukipenda kuendelea kuwafafanulia watu miswada, na natumaini utaendelea, andika kwa jina moja, hata likiwa la kubuni, ili wasomaji waizoee sauti hiyo na wajue ni mtu mmoja. Kaka yako akikuuliza kwa nini jumbe zimekatika, mazungumzo yenu ya pili yatakuwa yameshaanza, na safari hii yeye ndiye atakayekuwa ameyaanzisha.